Majina Yalifichwa, Njia Zikabaki: Uchambuzi wa Kisa cha Utafiti Kuhusu Vibarua Wakimbizi Mkoani Kigoma

## Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea katika mojawapo ya wilaya za mkoa wa Kigoma zenye historia ya kambi za wakimbizi. Nilikifahamu kwa undani kwa sababu, baada ya malalamiko ya kijiji kufika chuoni, niliombwa pamoja na wenzangu kuupitia utafiti husika tangu andiko la awali hadi ripoti ya mwisho. Chuo, mfadhili, wilaya, kambi na kijiji havitajwi, mwaka wa tukio umeondolewa, na zao lililokuwa shambani pamoja na vyeo vya baadhi ya wahusika vimebadilishwa. Msomaji akiona kwamba maelezo ya mahali ni haba kupita kawaida ya uchambuzi wa aina hii, ajue kuwa uhaba huo ni wa makusudi, na sababu yake ndiyo mada yenyewe.

Uchambuzi unawalenga wanafunzi wa uzamili, wasaidizi wa utafiti na wajumbe wa kamati za maadili ambao kazi zao zinawagusa watu wanaoweza kukamatwa kwa jambo lile lile wanaloombwa walisimulie.

## Usuli

Ili kuelewa ni vipi kupalilia maharage ya mwenyeji kunaweza kumtia mkimbizi hatarini, ni vyema kukumbuka kwamba Tanzania imewahi kuwa na njia mbili tofauti za kuwapokea wakimbizi, na magharibi ya nchi imeziona zote mbili. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipelekwa katika makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, na ya Katumba na Mishamo ambayo leo yako mkoani Katavi. Huko walipewa ardhi, wakafyeka pori, wakalima, na baada ya miaka kadhaa wengi wao walikuwa wanajilisha wenyewe. Sifa ya upokeaji wa namna hiyo ndiyo iliyomletea Mwalimu Nyerere Tuzo ya Nansen, ambayo Umoja wa Mataifa huwapa waliowasaidia wakimbizi, mwaka 1983, na ni katika makazi hayo hayo ambamo zaidi ya watu 160,000 walikuja kukubaliwa uraia wa Tanzania, utoaji wa vyeti ukishika kasi mwaka 2014.

Miaka ya 1990 ilileta hali nyingine. Kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi mwezi Oktoba 1993, mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994 na vita vya iliyokuwa Zaire kuanzia 1996 vilivusha mpaka mamia ya maelfu ya watu kwa muda mfupi, na serikali ikayaacha makazi ya kilimo ikashika mfumo wa kambi. Sheria ya Wakimbizi ya 1998, iliyoshika nafasi ya ile ya 1965, inamtaka mkimbizi aishi katika eneo lililotengwa, na kutoka nje ya eneo hilo bila kibali ni kosa. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mwaka 2015, baada ya Rais Nkurunziza kutangazwa kuwania muhula wa tatu, maelfu ya Warundi walijazana katika kijiji cha Kagunga ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wakaletwa Kigoma mjini kwa meli, ikiwemo MV Liemba, na Nyarugusu ikafurika. Nduta ya Kibondo ikafunguliwa upya mwaka huo huo na Mtendeli ya Kakonko mwanzoni mwa 2016. Mtendeli ilifungwa mwishoni mwa 2021.

Kwa hiyo, mkimbizi wa Ulyankulu aliishi kwa jembe lake, na mkimbizi wa kambini anaishi kwa mgawo. Mgawo huo umepunguzwa mara kadhaa tangu 2017 kadiri michango ya wafadhili inavyopungua. Mwaka huo wa 2017 mpango wa majaribio wa kuwapa wakimbizi fedha taslimu ulisitishwa, mwanzoni mwa 2018 Tanzania ikajitoa katika mpango wa kimataifa wa mwitikio mpana kwa wakimbizi, na kuanzia mwaka huo masoko ya pamoja, ambako wenyeji na wakimbizi waliuziana unga, mafuta ya mawese, kuni na nguo, yakaanza kufungwa. Njaa haikungoja sera. Watu waliendelea kutoka alfajiri kwenda kulima kwa wenyeji na kurudi kabla ya giza, na wenyeji, ambao msimu wa palizi huwabana wote kwa wakati mmoja, waliendelea kuwahitaji. Ni jambo linalojulikana na kila mtu vijijini, wakiwemo watendaji, na linalosemwa na wachache.

## Utafiti ulivyopangwa

Swali la utafiti lilikuwa zuri, na nalisema hili mapema kwa sababu kisa kama hiki humfanya msomaji aamini kwamba kazi nzima ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Timu ilitaka kujua kazi ya vibarua wakimbizi inachangia nini katika kilimo cha kaya za wenyeji: nani anawaajiri, msimu gani, kwa ujira gani, na je, ujira huo unawashusha vibarua wenyeji au la. Ni swali ambalo wabunge, halmashauri na mashirika hulijibu kila mara bila takwimu, kila upande kwa hisia zake.

Vibali vilifuata ngazi zake zote: Tume ya Sayansi na Teknolojia, mamlaka zinazohusika na wakimbizi, mkoa, wilaya, kisha barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kijiji. Barua mojawapo ilikuwa na sharti la kawaida kwamba nakala ya ripoti iwasilishwe baada ya kazi kukamilika. Wasaidizi wa utafiti walichukuliwa kutoka vijiji vya jirani, vijana wa Kiha, nao kwa ukaribu wa Kiha na Kirundi waliweza kuzungumza na Warundi bila mkalimani. Vibarua walipatikana kwa njia ya kuelekezana: mmoja akimaliza kuhojiwa anamtaja mwenzake anayeaminika, na huyo anamtaja mwingine.

Kuhusu usiri, andiko lilieleza kwamba majina hayataandikwa popote, kila mhojiwa atapewa namba, dodoso litajazwa kwenye kishikwambi chenye nywila, na kila mhojiwa atatia saini au dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Kumbukumbu za kamati ya maadili zinaonyesha kwamba wajumbe waliuliza kwa kirefu kuhusu majina. Kuhusu mahali, hakuna aliyeuliza, ingawa programu ya dodoso ilikuwa imewekwa inukuu yenyewe nukta ya GPS, yaani namba zinazoonyesha mahali kwa setilaiti, kila mahojiano yanapofunguliwa. Nukta hizo zilikusudiwa kumwezesha msimamizi wa uwandani kuhakikisha kuwa msaidizi kweli alifika shambani na hakujaza dodoso akiwa kwake chini ya mwembe.

## Yaliyotokea

Dalili ya kwanza ilitokea shambani, wiki ya mwanzo, na imeandikwa katika daftari la msaidizi mmoja kwa uangalifu unaostahili sifa. Alimkuta mama wa makamo akipalilia maharage kwa ngwe. Ngwe mbili kwa siku, ujira wake pesa kidogo na muhogo mkavu wa kufunga kwenye khanga. Baada ya salamu na maelezo, mama alikubali kuzungumza bila shida. Ilipotolewa fomu na kidau cha wino, alisimika jembe ardhini akaiangalia ile karatasi.

“Nikiweka dole hapa, karatasi inakwenda wapi?”

“Inakwenda chuoni, mama. Inafungiwa kabatini.”

“Na hilo kabati ni la nani?”

Msaidizi aliandika kwamba hakuwa na jibu. Mama akasema atazungumza lakini hataweka dole, na akazungumza kwa muda mrefu kuliko wengine wote wa siku ile. Jioni msimamizi aliagiza, kwa mujibu wa andiko, kwamba mahojiano yasiyo na fomu iliyokamilika yasihesabiwe. Mahojiano ya mama huyo yakaondolewa. Wengine waliofuata waliweka dole.

Kazi ya uwandani iliisha bila tukio jingine. Kwenye uchambuzi wa takwimu, mtaalamu wa timu aligundua kwamba umbali una uzito: vibarua waliotoka upande wa mbali wa kambi walikubali ujira mdogo zaidi, kwa kuwa walifika wamechelewa na hawakuwa na nafasi ya kujadiliana. Ili kuonyesha matokeo hayo alichora ramani. Mashamba yalikuwa nukta nyekundu, na kwa sababu dodoso lilikuwa na swali kuhusu njia anayopita mhojiwa na muda anaotumia, aliweza kuchora mistari pia. Ilikuwa ramani nadhifu. Mtu wa kijiji kile angeitambua njia ya mtoni, ile ya nyuma ya shule na ile inayopita kwenye michikichi, bila kusoma maandishi yoyote.

Ramani hiyo iliwekwa ukutani kwa projekta siku ya kikao cha mrejesho wilayani, mbele ya maofisa wa halmashauri, watumishi wa mashirika, wenyeviti wa vijiji na watu wa ulinzi. Afisa mmoja aliuliza kama nukta zile ni kaya au mashamba, na mtafiti mkuu akamfafanulia kwa furaha ya mtu aliyeulizwa swali zuri. Simu kadhaa ziliinuliwa kupiga picha. Kabla ya siku kuisha, picha ya ramani ilikuwa imefika kwenye angalau kundi moja la WhatsApp lenye watu ambao hawakuwa kikaoni.

Baadaye ofisi moja ya wilaya iliandika barua ya heshima ikikumbushia sharti la kibali na kuomba ripoti kamili “pamoja na ramani na viambatisho vyake”. Wakati barua hiyo ikisubiri jibu, mgambo walifanya doria kwenye mojawapo ya njia zilizochorwa. Vibarua kadhaa walikamatwa, na mwenye shamba mmoja akaitwa kujieleza. Mwenyekiti wa kijiji alimpigia simu yule msaidizi wa utafiti mwenye daftari, binti wa kijiji cha jirani anayemfahamu tangu utotoni, akamwambia kuwa wageni aliowapokea kwa mikono miwili wamekiuza kijiji.

## Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu barua. Mtafiti mkuu alikuwa na mwelekeo wa kutoa kila kilichoombwa, na hoja zake hazikuwa za woga mtupu: sharti la ripoti lilikuwa limekubaliwa kwa saini, ofisi ile ilikuwa imewasaidia tangu siku ya kwanza, na timu itakayokuja baada yao ingelipia ukaidi wao kwa kunyimwa kibali. Msimamizi wa uwandani alipinga. Alisema kilichoahidiwa ofisini ni ripoti, na kilichoahidiwa shambani ni usiri. Ripoti inaweza kutolewa bila kuvunja ahadi ya pili, ramani haiwezi. Mwenyekiti wa kamati ya maadili alishauriwa, akaunga mkono msimamo huo. Ripoti ilipelekwa bila ramani na bila takwimu ghafi, ikiambatana na barua fupi iliyoeleza kwamba usiri wa wahojiwa ni sehemu ya masharti ambayo utafiti uliidhinishwa kwayo.

Afisa aliipokea, akaigonga muhuri, akaifungia jalada. Hakukuwa na mvutano wowote. Jambo hili lilitushangaza sote tulioupitia utafiti, na nitalirudia katika uchambuzi.

Uamuzi wa pili ulihusu takwimu zenyewe. Umbali wa kila shamba kutoka kambini uligeuzwa kuwa madaraja machache mapana, kisha nukta za GPS na majibu ya swali la njia yakafutwa katika nakala zote: kwenye seva, kwenye vishikwambi na kwenye kompyuta ya mtaalamu wa takwimu. Mwanafunzi mmoja ambaye tasnifu yake ilitegemea nukta hizo alilazimika kubadili sura nzima. Uamuzi wa tatu ulihusu fomu zenye dole gumba, ambazo kwa kanuni za chuo zilipaswa kuhifadhiwa kwa miaka. Kamati iliruhusu ziteketezwe mbele ya mashahidi, na kumbukumbu ya kuteketezwa ikawekwa mahali pake.

Kisha kulikuwa na suala la kurudi kijijini. Timu iligawanyika: baadhi waliona kurudi ni kukiri kosa ambalo halijathibitishwa, wengine waliona kutorudi ni kulithibitisha. Msimamizi alikwenda, na akaenda bila daftari. Mwenyekiti wa kijiji alimsikiliza, akamwandalia chai, akamwambia kwamba yeye binafsi hana kinyongo ila asitegemee tena barua yake. Uamuzi wa mwisho, ambao naona haukupewa uzito unaostahili, ulikuwa kuondoa majina ya wasaidizi kwenye ukurasa wa shukrani wa ripoti, kwa kuwa jina la binti yule peke yake lilitosha kumwambia mwenyeji yeyote ni vijiji gani vilivyotembelewa.

## Matokeo

Hatukuweza kuthibitisha kwamba ramani ndiyo iliyosababisha doria. Doria hutokea kila msimu wa kilimo, na njia ile ilijulikana na mgambo kabla ya mtafiti yeyote kufika. Lakini pia hatukuweza kuthibitisha kwamba haikusababisha, na kijijini swali hilo lilikuwa limekwisha kujibiwa. Vibarua waliokamatwa walirudishwa kambini. Habari zao za baadaye hatunazo, na kuzitafuta kungekuwa kuwafuata mara ya pili. Mwenye shamba aliyeitwa aliacha kuajiri wakimbizi msimu ule. Binti aliyekuwa msaidizi aliacha kazi za utafiti, ingawa alikuwa bora kuliko wote katika timu.

Upande wa taaluma, matokeo makuu yalibaki kama yalivyokuwa. Ujira, msimu, aina za kazi na athari za umbali vyote vilielezeka kwa madaraja mapana. Hakuna hitimisho hata moja la ripoti lililopotea pamoja na ramani.

## Uchambuzi

Nianze na kilichofanya kazi vizuri. Kutumia wasaidizi wanaosema lugha ya karibu na ya wahojiwa kulileta mazungumzo ambayo mkalimani asingeyapata, na daftari za uwandani ziliandikwa kwa uaminifu, hata pale zilipoandika swali lisilo na jibu. Msimamizi alitofautisha ahadi mbili ambazo mtafiti mkuu alikuwa amezichanganya. Na barua ya kukataa iliandikwa kwa lugha ya utaratibu, bila shutuma, ikampa afisa kitu cha kuweka kwenye jalada.

Hilo la afisa lina uzito wake. Katika mijadala yetu ya darasani kuna tabia ya kumchora mtendaji wa serikali kama mwindaji anayezivizia takwimu. Katika kisa hiki hakuna ushahidi wa hivyo. Afisa alikuwa na sharti la kibali lililosubiri kutimizwa na jalada lenye pengo. Alipopewa karatasi yenye maelezo yanayoeleweka, aliridhika. Hata hivyo, laiti angekuwa na ramani mikononi, wajibu wake chini ya Sheria ya 1998 ungekuwa mwingine, kwani mtumishi wa umma aliyeonyeshwa mahali kosa linapotendwa kila asubuhi hawezi kutarajiwa afumbe macho kwa sababu ya andiko la chuo. Mtafiti anayempa afisa taarifa ya namna hiyo anamweka afisa huyo katika nafasi ngumu pia. Kwa hiyo, mahali pa kulinda usiri palikuwa kabla ya kikao cha mrejesho, siku ambayo dodoso lilikuwa linatengenezwa.

Kasoro kubwa ilikuwa dhana kwamba kumficha mtu ni kuficha jina lake. Kwa raia anayehojiwa kuhusu mbolea ya ruzuku, dhana hiyo hutosha mara nyingi. Kwa mtu ambaye kosa lake ni kuwa mahali fulani, mahali ndipo palipo na siri. Nukta ya GPS yenye tarakimu tano baada ya desimali inaeleza mahali kwa kiwango cha takriban mita moja, na simu ya kawaida penye anga wazi hukosea kwa mita chache tu. Ukikata tarakimu zibaki mbili, kiwango hicho hupanda hadi kilomita moja na kidogo. Ikibaki moja, ni kama kilomita 11. Kwa swali la ujira na umbali, kilomita moja ingetosha kabisa. Programu za dodoso zinaruhusu kuzima nukta hizo au kuzipunguza, lakini mara nyingi huja zikiwa zimewashwa, na mtu asiyeuliza huzibeba. Picha za simu nazo huweza kubeba nukta hizo hizo ndani yake, jambo ambalo wasaidizi wachache huambiwa.

Hata bila GPS, mahali huvuja kwa mlango mwingine. Rasimu ya ripoti ilikuwa na nukuu ya “mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mama wa watoto saba, anayelima kwa mwenye duka la pembejeo”. Jina halipo, lakini katika kijiji chenye duka moja la pembejeo sentensi hiyo ni anwani. Njia ya kupata wahojiwa kwa kuelekezana iliongeza hatari: namba za wahojiwa zilipangwa kwa mfuatano wa nani alimtaja nani, hivyo anayeifahamu kaya moja angeweza kuufuata mnyororo mzima kama mtu anayevuta kamba ya ndoo kisimani. Dawa yake ni nyepesi, nayo ni kuzichanganya namba kabla ya kuzihifadhi.

Fomu ya ridhaa inahitaji maneno zaidi, kwa sababu hapa kosa lilifanywa kwa jina la maadili yenyewe. Dole gumba humtambulisha mtu kwa uhakika kuliko jina. Jina linaweza kubadilishwa, na wakimbizi wengi wana sababu za kuyabadili. Alama za vidole haziwezi, na kwa mkimbizi zilikwisha kuchukuliwa siku alipoandikishwa. Hivyo timu iliyokuwa imekataa kuandika “Maria” ilikuwa inakusanya kitambulisho kilicho imara kuliko Maria, kwenye karatasi, ndani ya kabati. Mama wa ngwe mbili aliliona hilo kabla ya kamati. Alitoa ridhaa iliyo kamili kuliko zote, ya mtu aliyeuliza, akapima, akachagua cha kutoa na cha kubaki nacho, na mfumo ukaihesabu ridhaa hiyo kuwa batili. Ridhaa ya mdomo, inayothibitishwa na mhojaji mwenyewe kwa saini yake na tarehe, inakubalika katika taratibu nyingi za maadili pale ambapo saini ya mhojiwa ndiyo hatari kuu. Ilibidi iombwe tu. Haikuombwa kwa sababu fomu ilinakiliwa kutoka utafiti wa awali wa timu hiyo hiyo, uliohusu wakulima wa mawese.

Tangu tarehe 1 Mei 2023 inatumika pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayohusu taarifa za mtu anayeweza kutambulika, na inayotaka taarifa zitumike kwa kusudi lililokusanyiwa. Watafiti wengi wanaichukulia kama suala la benki na kampuni za simu. Ningependa kuona maandiko ya utafiti yakieleza kwa aya moja, kwa lugha ya kawaida, ni nani mwenye kabati, nani mwenye ufunguo, na karatasi itachomwa lini.

Kikao cha mrejesho kilikuwa na tatizo lake. Kurudisha matokeo kwa waliohusika ni desturi njema, na watafiti wa nje wamelaumiwa kwa haki kwa kuchukua takwimu na kutoweka. Lakini kikao kile kiliwakusanya mwenye shamba, mlinzi na mfadhili katika chumba kimoja na kuwaonyesha wote slaidi zile zile, huku mkimbizi mwenyewe akiwa hayupo, kwa kuwa kufika kwake kungehitaji kibali. Mrejesho ungeweza kugawanywa: kijijini kwa mazungumzo bila projekta, wilayani kwa muhtasari wa kurasa chache, kambini kupitia viongozi wa wakimbizi kwa idhini ya mkuu wa kambi. Inachosha na inagharimu nauli. Slaidi moja kwa wote ilikuwa rahisi, na naamini urahisi huo ulichangia zaidi kuliko uzembe wowote.

Limebaki suala la manufaa kwa sera, ambalo mtafiti mkuu alilitumia kuitetea ramani. Alisema mtunga sera haguswi na majedwali, anaguswa na picha. Huenda ni kweli. Lakini tujiulize sera ipi. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1964, na mkataba huo unagusa ajira ya mkimbizi katika ibara ya 17 na uhuru wa kutembea katika ibara ya 26. Sheria ya 1998 yenyewe inatambua uwezekano wa mkimbizi kupewa kibali cha kazi. Mjadala wa maana, basi, ni kama vibali vya msimu vinaweza kutolewa kwa wingi na kwa utaratibu gani. Anayetaka kuuchangia anahitaji kujua palizi inaanza mwezi gani, kaya zinakosa nguvukazi kiasi gani, ujira ni kiasi gani na unabadilikaje. Hahitaji kujua njia inapita nyuma ya shule ipi. Ramani ilijibu swali la mtu wa doria, siyo la mtunga sera, na timu ilipaswa kulitambua hilo kwa kujiuliza tu nani angefurahi zaidi kuipata.

Nimesikia pia hoja kwamba bila nukta za mahali hakuna namna ya kumdhibiti msaidizi mvivu. Namna zipo: msimamizi kutembelea mashamba bila taarifa, kurudia maswali machache kwa wahojiwa wachache, kusoma daftari za uwandani kila jioni. Daftari la binti yule, lenye swali la kabati, lingemthibitishia msimamizi yeyote kwamba alikuwa shambani.

Awamu ya pili ya utafiti iliendelea katika wilaya nyingine ikiwa na ridhaa ya mdomo, GPS ikiwa imezimwa, na swali la njia likiwa limeondolewa kwenye dodoso. Idadi ya waliokataa kuhojiwa ilipungua. Picha ya ramani ya kwanza bado imo kwenye simu za watu, na hakuna wa kuifuta. Makala ya kitaaluma imewasilishwa kwenye jarida. Mhakiki mmoja ameandika kwamba hoja ya umbali ingekuwa na nguvu zaidi ikiambatana na ramani ya mashamba, timu imemjibu kwa aya moja, na jibu hilo sasa liko kwa mhariri.